Gololi Arobaini

Watu wakizungumzia pikipiki ya zamani huzungumzia injini. Husifu mlio wake, huulizana ukubwa wa silinda zake, hubishana juu ya kabureta mpaka chai ikapoa. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja shingo. Walakini injini ikiharibika, pikipiki husimama, na mwenyewe huisukuma hadi nyumbani akinung'unika, lakini yu hai. Shingo ikiharibika, pikipiki huendelea kwenda kwa mwendo ule ule kana kwamba hakuna lililotokea, na ubaya wake uko hapo hapo.

Ninaposema shingo nina maana ya lile bomba fupi lililo mbele kabisa ya fremu, ambamo hupita mhimili wa foku. Juu ya bomba hilo kuna kikombe cha chuma kigumu, na chini yake kuna kingine. Ndani ya kila kikombe hupangwa gololi, na gololi hizo hubanwa na koni. Ukigeuza usukani, ni gololi hizo zinazobiringika. Ukifunga breki ya mbele, uzito wa pikipiki pamoja na wako wewe hukimbilia mbele, na wa kuupokea ni huo mduara wa gololi, hasa ule wa chini. Katika Triumph za 650 zilizotengenezwa miaka ya 1960 gololi hizo ni 40: 20 juu na 20 chini, kila moja ikiwa na kipenyo cha robo inchi, yaani milimita 6.35. Zote 40 ukizitia kiganjani hazijazi konzi moja, na uzito wake ni kama gramu 42.

Triumph yangu ilitengenezwa mwaka 1966. Niliinunua kwa watoto wa marehemu mzee mmoja aliyekuwa fundi mitambo katika mashamba ya mkonge ya upande wa Korogwe, ambaye naye aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirejea kwao. Ilipofika kwangu injini ilikuwa nzima kuliko nilivyotarajia, lakini usukani ulikuwa na tabia moja ambayo kila mwendeshaji mzoefu anaijua. Ukiinua gurudumu la mbele na kuusukuma usukani kwa kidole, ulikuja vizuri kutoka kushoto, na ulipofika katikati ulinasa mahali pake kama komeo linavyoingia tunduni. Kuutoa hapo kulitaka nguvu kidogo. Barabarani hali hiyo humfanya mtu ayumbe kama mlevi anayejaribu kuficha ulevi wake. Sababu ni kwamba pikipiki inayokwenda mbele haiendi mstari ulionyooka hata siku moja. Husimama wima kwa masahihisho madogo madogo ya usukani yasiyokoma, ambayo mikono huyafanya bila kumwambia mwenyewe. Usukani ulionasa katikati huyakataa masahihisho madogo na kuyakubali makubwa tu. Kwa hiyo kila sahihisho linazidi, nalo linadai sahihisho jingine.

Kazi ya kufungua haina miujiza. Hutolewa taa, gurudumu, madigadi, miguu ya foku, kisha nati kubwa ya juu. Nilitandika shuka kuukuu chini kabla ya kulegeza nati ile, maana gololi hizi hazikufungiwa katika kizimba chochote. Koni ikiachia, humwagika kama mtama. Nilipopangusa grisi iliyokuwa imekauka kama gundi, nikaona nilichokuwa nakitarajia. Katika kikombe cha chini palikuwa na duara la vishimo, kila kimoja kikiwa na nafasi karibu sawa na jirani yake, kana kwamba mtu mwenye bikari na subira nyingi alikaa akavichonga. Ukipitisha ukucha juu yake, ulihesabu. Katika mabaki ya grisi palikuwa na unga mwekundu kama vumbi la kutu.

Vishimo vya namna hii vina jina la mtu. Johan August Brinell alikuwa mhandisi katika kiwanda cha chuma cha Fagersta huko Uswidi. Mwaka 1900 aliionyesha dunia, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, njia rahisi ya kupima ugumu wa metali: unachukua gololi ngumu ya milimita 10, unaikandamiza juu ya metali kwa uzito wa kilo 3,000, kisha unapima upana wa alama iliyobaki. Alama ikiwa pana, metali ni laini. Ikiwa ndogo, ni ngumu. Wahandisi wakalichukua jina lake na kulifanya kitenzi cha kuelezea beringi zilizotobolewa vishimo na gololi zake zenyewe. Kwa hiyo fundi wa pikipiki aliyeona vishimo shingoni alitoa hukumu iliyoonekana ya haki kabisa: mwenye pikipiki amegonga mashimo ya barabara, na kila kishindo kimezikandamiza gololi chumani kama Brinell alivyofanya pale Paris.

Hukumu hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ilijulikana kwa njia ya magari mapya. Katika miaka ya 1930 huko Marekani magari yalisafirishwa kutoka viwandani kwa treni, na mengine yalifika kwa wauzaji yakiwa na beringi za magurudumu zilizokwisha haribika kabla mnunuzi hajagusa usukani. John Almen, mtafiti wa General Motors, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1937. Kadiri safari ya treni ilivyokuwa ndefu, ndivyo uharibifu ulivyozidi. Magurudumu hayo hayakuzunguka hata mara moja. Yalifungwa juu ya behewa, yakawa yanatikisika tu. Na huko kutikisika bila kuzunguka ndiko kulikoyaua: gololi inayokwenda mbele na nyuma kwa upana wa unywele huisukumia grisi pembeni, wala haibiringiki vya kutosha kuirudisha. Chuma kinabaki kinasuguana na chuma, unga mwekundu unatoka, na unga huo nao unasaga.

Sasa tazama shingo ya pikipiki. Gololi za gurudumu huzunguka mchana kutwa, leo hapa kesho pale, na hakuna sehemu ya kikombe inayodhulumiwa. Gololi za shingo hukaa. Mtu akiendesha kwenye barabara iliyonyooka, usukani husogea kidogo mno, na kila gololi hubaki katika kituo chake, ikipokea mtetemo wa injini na wa barabara pale pale, saa baada ya saa. Anayejua mashamba ya mkonge anajua njia zake: zimepimwa kwa kamba, zinanyooka hadi macho yachoke, nazo ni za vumbi, zenye yale makunyanzi ya kukatiza njia yanayotikisa mpaka meno. Kwa miaka mingi mzee yule aliziendea mashine zake kwa njia hizo. Vishimo vile havikuwa kumbukumbu ya uzembe wala ya ajali. Vilikuwa kumbukumbu ya mtu aliyekwenda kazini kwa njia iliyonyooka.

Hapo niliingiwa na swali lililonishughulisha kuliko kazi yenyewe. Kwa nini mashine iliyoweza kukaribia maili 100 kwa saa ilibebwa shingoni na gololi za baiskeli? Maana hizo ni gololi za baiskeli hasa. Robo inchi ndicho kipimo cha gololi za kitovu cha nyuma cha baiskeli ya kawaida, ile nyeusi, ya Raleigh au ya Phoenix, iliyobeba nazi, mkaa, wagonjwa na maharusi katika nchi zetu. Kitovu hicho huchukua 9 kila upande. Shingo ya Triumph ni kama vitovu viwili vya baiskeli, na baki kidogo.

Jibu ni kwamba Triumph yenyewe ni baiskeli. Siegfried Bettmann, Myahudi aliyezaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1863, alihamia Uingereza akiwa kijana, na katika miaka ya 1880 akaanza kuuza baiskeli kwa jina la Triumph. Baadaye akazitengeneza mwenyewe katika mji wa Coventry, ambao wakati huo ulikuwa kwa baiskeli kama Muscat kwa tende. Ni Coventry hiyo hiyo ambako mwaka 1885 John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuvuta gurudumu la nyuma, ambayo umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Mwaka 1902 Bettmann alitoa pikipiki yake ya kwanza. Ilikuwa baiskeli iliyofungwa injini ya Minerva, iliyotoka Ubelgiji. Fremu ilikuwa ya baiskeli, tandiko la baiskeli, pedeli zilikuwepo, na shingo ilikuwa shingo ya baiskeli. Miaka ilipokwenda injini ikakua, pedeli zikaondoka, breki zikaja, foku zikapata springi na mafuta. Shingo ikanenepa, lakini kanuni yake ikabaki: vikombe viwili, koni mbili, na gololi huru katikati. Kitu kisicholalamika hakibadilishwi, hasa kikiwa rahisi kutengeneza na mashine za kukitengeneza zipo tayari kiwandani.

Gololi yenyewe ina historia yake, tena ni ya juzi kuliko watu wanavyodhani. Kuna mtu wa Carmarthen huko Wales, Philip Vaughan, aliyepata hataza mwaka 1794 ya ekseli ya gari la farasi yenye gololi. Wazo lilikuwa sahihi lakini halikwenda mbali. Mwaka 1869 Mfaransa Jules Suriray alipata hataza ya gololi za baiskeli, na tarehe 7 Novemba mwaka huo huo James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, kilomita 123, juu ya baiskeli yenye gololi hizo. Kila mtu akaona faida. Tatizo likawa moja: nani awezaye kutengeneza gololi nyingi zilizo sawasawa?

Msomaji anaweza kudhani usawa ni anasa. Si anasa. Chukua gololi 20 katika kikombe, 19 zikiwa sawa na moja ikiwa kubwa kwa unene wa karatasi ya sigara. Ile moja itabeba mzigo wa wote. Wenzake watakuwa wapo, wanang'aa, wanafuata, lakini hawabebi kitu. Baada ya muda ile kubwa itapasuka au itakichimba kikombe, na mwenye pikipiki atalaumu chuma.

Aliyelitatua jambo hilo ni Friedrich Fischer wa mji mdogo wa Schweinfurt, kaskazini mwa Bavaria, si mbali sana na Nuremberg alikotoka Bettmann. Mwaka 1883 alibuni mashine ya kusaga gololi. Uzuri wa usagaji wa namna hiyo umo katika jambo lile lile lililokuwa tatizo. Gololi nyingi hutiwa kwa pamoja kati ya sahani mbili ngumu zinazosaga, zikabiringishwa huku na huku bila mpangilio. Kwa kuwa gololi iliyo kubwa ndiyo inayobeba mzigo wa sahani, basi ndiyo pia inayosagwa zaidi. Zile ndogo hupita bila kuguswa sana. Kubwa inapungua hadi inawafikia wenzake, kisha wote wanasagwa pamoja. Hakuna fundi anayehitajika kuzipima moja moja na kuamua. Dhuluma ile ile inayoiua beringi mbovu ndiyo inayoizaa beringi njema. Nimeisoma habari hii mara nyingi na bado inanifurahisha kama mara ya kwanza.

Kutokana na mashine hiyo Schweinfurt ikawa mji wa gololi. Baiskeli zikahitaji, kisha magari, kisha mashine za umeme, kisha ndege, na kufikia vita vya pili vya dunia sehemu kubwa ya beringi za Ujerumani ilitoka katika mji huo mmoja. Wamarekani walipiga hesabu kwamba wakiuvunja, vifaru na ndege za Hitler zitakwama. Tarehe 17 Agosti 1943 walituma ndege 376 kushambulia Schweinfurt na Regensburg kwa siku moja, 60 hazikurudi. Tarehe 14 Oktoba walirudi Schweinfurt na ndege 291, na 60 nyingine hazikurudi. Kila ndege ilichukua watu 10. Siku ile wao huiita Alhamisi Nyeusi. Viwanda viliumia lakini Ujerumani haikusimama. Ilikuwa na akiba maghalani, ikavitawanya viwanda vyake mahali pengine, na ikanunua nyingine kutoka Uswidi.

Uingereza nayo ilinunua Uswidi. Kwa kuwa bahari ilikuwa imezibwa na Wajerumani, ndege za Mosquito zilizopewa namba za kiraia ziliruka usiku kati ya Leuchars, Scotland, na Stockholm, zikirudi na beringi. Safari nyingine zilichukua abiria, akalazwa mahali pa kuwekea mabomu, akiwa na nguo nzito na mpira wa kupumulia. Huyo ni mtu mzima anayesafiri mahali pa bomu, katika ndege iliyotengwa kwa ajili ya vitu ambavyo watoto wetu huvichezea vumbini. Maana kwetu neno gololi ni la mchezo kwanza. Mtoto aliyeokota gololi ya chuma gereji alikuwa tajiri kuliko wenye za kioo, na aliruhusiwa kuikataa dhidi ya tatu.

Nayo Triumph haikupona. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 Wajerumani waliishambulia Coventry kwa mabomu, na kiwanda cha Triumph kikaungua. Mwaka 1942 uzalishaji ukahamia kiwanda kipya kilichojengwa karibu na kijiji cha Meriden, na ni huko ilikotengenezwa pikipiki yangu miaka 24 baadaye. Bettmann, ambaye ndiye aliyekuwa Meya wa Coventry vita ya 1914 ilipoanza, alikuwa bado hai siku mji wake ulipochomwa na watu wa nchi aliyozaliwa. Aliishi hadi 1951. Sijui kama kuna anayeyakumbuka haya anaponunua pakiti ya gololi.

Nirejee kwenye shuka langu kuukuu. Vikombe vilikuwa havifai tena, hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa nini kiwekwe badala yake. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani, alipata mwaka 1898 hataza ya beringi ya namna nyingine: badala ya gololi hutumia rola, vipande kama magogo madogo, vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili. Gololi hugusa kikombe kwa nukta. Rola hugusa kwa mstari. Mzigo hutawanyika, na vishimo huchelewa sana kutokea. Triumph wenyewe walipotoa fremu mpya za 650 mwaka 1971 waliacha gololi na kuweka rola za namna hiyo shingoni. Miaka 69 tangu ile Minerva, baiskeli ikatoka shingoni mwa pikipiki. Haikukisaidia kiwanda: mwaka 1973 wafanyakazi wa Meriden walifunga milango wakikataa kifungwe, mwaka 1975 wakakiendesha kwa ushirika, na mwaka 1983 ushirika huo ukafa.

Siku hizi zinauzwa rola zinazoingia katika shingo za zamani bila kukata kitu. Marafiki zangu wawili, wote wakiwa watu wa vyuma, walinishauri nizinunue. Mmoja aliniambia, "Mzee, kiwanda chenyewe kilikiri. Wewe unamtetea nani?" Swali zuri. Na kama ningekuwa ninaiendesha kila siku, au kama ningekuwa kijana wa bodaboda anayepakia watu wawili na gunia, ningemsikiliza bila kujibu. Nyingi za pikipiki wanazoendesha vijana hao bado zina gololi shingoni, na makunyanzi na matuta wanayopita yanatosha kumtia Brinell huzuni. Wala si ajabu. Bodaboda ilikuwa baiskeli kabla ya kuwa pikipiki, ikiwavusha watu mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, na baiskeli haitoki upesi mahali ilipoingia.

Lakini nilichagua gololi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kijinga kidogo na sitaitetea: nilitaka usukani ule uwe kama waliounda walivyoukusudia. Ya pili ndiyo yenye uzito. Rola zikiharibika nitaagiza ng'ambo na kungoja. Gololi za robo inchi ninaweza kuzipata katika duka la vipuri vya baiskeli la mji wowote wa nchi hii. Mashine inayotengenezeka kwa kilichopo karibu ndiyo inayoishi, na ninao ushahidi, nao ulikuwa umelala juu ya shuka lile.

Nilipozihesabu gololi za zamani nilipata 39. Za chini zilikuwa 19, na vishimo vilikuwa 20. Kishimo kimoja kilikuwa hakina mwenyewe. Maana yake ni wazi: vishimo vilitangulia, kisha mtu akaifungua shingo, akapoteza gololi moja au akaikuta imepasuka, akaona uharibifu uliopo, na akairudisha hivyo hivyo. Za juu zilikuwa 20, lakini mikromita ilipowekwa, mbili zilikuwa za inchi 3 kwa 16, zile za kitovu cha mbele cha baiskeli. Ndogo mno. Hazikubeba chochote, zilijaza nafasi tu ili wenzake wasisogee.

Mtu asiyejua angemwita fundi yule mlipuaji wa kazi. Nilikwenda kununua gololi mpya kwa fundi baiskeli mmoja, mzee wa rika langu, nikamwonyesha zile mbili ndogo na kumweleza zilikotoka. Hakucheka. Akazigeuza kiganjani.

"Hii ni ya miaka ya themanini mwanzoni, mzee mwenzangu," akasema. "Wakati ule nikiuza gololi moja moja, kama vitumbua. Mtu akija na kitovu cha nyuma namtilia saba badala ya tisa, na anashukuru."

Nilikumbuka. Vita vya Kagera vilikuwa vimeikausha hazina, fedha za kigeni hazikuwepo, na mwaka 1983 serikali iliendesha msako wa walioitwa wahujumu uchumi, hata mwenye mifuko ya saruji chumbani akawa na la kujieleza. Sabuni ilikuwa ya foleni. Katika hali hiyo fundi mitambo wa mkonge alipofungua shingo ya pikipiki yake na kukosa gololi 3, alikuwa na njia mbili: kuiegesha pikipiki ukutani mpaka nchi ipone, au kufanya alichofanya. Alichagua vizuri. Zile 19 za chini, palipo na mzigo, alihakikisha zote ni za kipimo. Zile za kujazia alizipeleka juu. Huyo alijua hasa uzito unapita wapi.

Gololi mpya nilizinunua zote katika pakiti moja, maana kuchanganya mpya na za zamani ni kuirudisha ile dhuluma niliyoieleza. Kati ya 50 nilizopima, 2 nilizikataa. Vikombe na koni vilitoka Uingereza kwa posta. Vikombe sikuviingiza kwa nyundo. Kila pigo la nyundo ni Brinell mdogo. Nilivivuta polepole kwa boliti ndefu yenye nati na washa nene pande zote mbili, mpaka vikakaa. Kisha grisi nyingi, na gololi zikabandikwa humo moja moja: 20, na nafasi ndogo ikabaki ambayo inamshawishi mtu aongeze moja. Asiongeze. Gololi zilizobanana husuguana, kwa kuwa mahali zinapogusana moja inakwenda juu na nyingine inakwenda chini. Ile nafasi ndiyo inayoziachia zipumue.

Nati ya shingo hukazwa hadi mchezo uishe, kisha basi. Ukizidisha, usukani unakuwa mzito na gololi zinaanza kuchimba siku ya kwanza. Ukipunguza, foku inagonga kila unapofunga breki. Niliinua gurudumu la mbele, nikauweka usukani katikati, nikaugusa. Ulianguka kushoto kwa uzito wake wenyewe. Nikaurudisha, ukaanguka kulia. Katikati hapakuwa na kitu.

Baada ya kilomita 200 nilifungua taa tena na kujaribu nati. Vikombe vipya huwa havijakaa sawasawa siku ya kwanza. Palikuwa na mchezo kidogo sana, wa kusikika zaidi kuliko kuonekana. Nilikaza chini ya robo mzunguko, nikafunga.